Nguzo Isiyochipua

Risala ya Kikundi cha Akina Mama wa Ukingoni, Soko la Mwandiga, iliyosomwa na katibu wa kikundi, Melania, mbele ya mgeni rasmi

Mgeni rasmi, Ndugu Nehemia, Mratibu wa Shirika la Mkono kwa Jirani,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Mhandisi wetu, Bibi Diana,
Masheikh, mapadri na wachungaji mlioacha shughuli zenu,
Madereva, ambao leo mmeegesha magari yenu mbali kidogo na mabeseni yetu, na tunawashukuru sana kwa hilo,
Ndugu wananchi,

Shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Amahoro.

KARIBU UKINGONI

Mgeni rasmi, sisi akina mama wa Ukingoni tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa mikono hiyo inanuka samaki, migebuka ya ziwani, na utatusamehe. Tuliambiwa ungefika asubuhi. Tukapika chakula cha asubuhi, kikaliwa na waliokuwapo. Tukapika cha mchana; hicho kipo, kimefunikwa, na huondoki hapa bila kukionja. Kiti ulichokalia ni cha Mwenyekiti wa Kijiji. Yeye amekaa kwenye kreti la soda na amesema yuko vizuri tu.

Tunamkaribisha pia Bibi Diana, mhandisi wa Shirika, ingawa kwetu yeye si mgeni tena. Safari yake ya kwanza alikuja na viatu vyeupe. Safari ya pili alikuja na raba za rangi ya vumbi, tukaambiana kwamba huyu sasa ameielewa Mwandiga.

Tuna jambo moja la utaratibu kabla hatujaendelea. Likipita lori la wakimbizi wakati risala hii inasomwa, katibu atanyamaza, na sisi tutasimama na kuita. Tafadhali usione kwamba tumekuvunjia heshima. Maelezo yako mbele, na ukishayasikia tunaamini utasimama na wewe.

SISI NI NANI

Mgeni rasmi, soko la Mwandiga lina ndani na lina ukingo. Ndani kuna vibanda vyenye bati, mashine ya kusaga na kivuli. Ukingoni kuna sisi, jua na barabara. Usidhani tulikosa nafasi huko ndani. Tulikaa hapa kwa akili zetu, kwa sababu msafiri anayetoka Kigoma kwenda Kasulu hashuki garini. Ananunua kwa dirishani, na mkono wake hauwezi kufika hadi kwenye mashine ya kusaga.

Tunauza migebuka ya kukaushwa, dagaa, mawese, maharage, ndizi na mihogo. Wengi wetu ni Waha wa hapa hapa. Wapo waliotoka Ujiji na Rusimbi. Wapo Warundi ambao wako upande huu tangu zamani, watoto wao wamezaliwa hapa na wajukuu wao wanaimba Mungu Ibariki kila asubuhi shuleni. Na wapo waliokuja na vita hivi vya sasa, wakapokelewa na ndugu zao majumbani. Hapa ukingoni hatuulizani nani alikuja lini. Tunaulizana nani amemwaga maji ya samaki mbele ya meza ya mwenzake, na hilo huwa tunaliuliza kwa sauti kubwa.

Tangu kule ng'ambo, Burundi, kulipochafuka, mbele yetu yanapita malori ya Shirika lako. Watu wanaofika kwa miguu na kwa mitumbwi pale Kagunga huletwa Kigoma kwa meli, kisha hupandishwa malori kupelekwa makambini. Yote yanapita hapa. Mara ya kwanza tulidhani ni malori ya mizigo. Turubai lilipopeperuka tukaona nyuso, na siku hiyo hatukuuza vizuri.

NAMNA TUNAVYOITA

Mgeni rasmi, hapa inabidi tumtaje mwenzetu Anésie, kwa sababu bila yeye usingekuta kikundi, wala nguzo, wala risala.

Anésie ni wa Gasenyi, kilima cha ng'ambo. Siku waliyokimbia, yeye alibeba mtoto mchanga na kushika njia ya ziwani. Binti yake mkubwa, Arakaza, alikuwa kwa shangazi yake upande wa pili wa kilima, naye shangazi alishika njia ya milimani. Arakaza wakati ule alikuwa anang'oka meno ya mbele. Tangu hapo mama na binti hawajaonana. Anésie anaishi Rusimbi kwa shemeji yake, na kila siku hutangulia kufika hapa kuliko sisi sote, akatandika mkeka wake wa maharage mahali pa mbele kabisa, karibu na matairi.

Lori la kwanza lilipopita, Anésie alisimama na kuita. Hakuita jina la mtoto. Aliita, "I Gasenyi! I Gasenyi!"

Sisi wa huku tulishangaa, tukamuuliza kwa nini anaita kilima. Akasema, "Arakaza ni wengi, mama zangu. Na mtoto ukimwita jina anaogopa, hajui anaitwa na nani. Lakini Mrundi yeyote ukimwuliza ni nani, anaanza na umusozi, kilima cha kwao. Akisikia kilima chake, hata kama amelala, atajibu."

Ni kweli. Kesho yake mwenzetu Leonia, aliyetoka ng'ambo vilevile, naye akaita kilima chake. Kesho kutwa wakaita wote waliotoka ng'ambo. Baadaye na sisi wengine tukajifunza, maana lori linapita upesi na koo moja haliwezi kuita vilima vyote. Mwanvua, mwenzetu wa Ujiji, ambaye hajawahi kuvuka ziwa hata kwa ndoto, sasa anajua vilima vya Burundi kuliko vichochoro vya kwao.

Utaratibu ukakamilika wenyewe. Aliye ndani ya lori akisikia kilima chake hujibu, na kwa kuwa lori halisimami, hurusha kitu chake chochote. Kaka yake Leonia, anaitwa Calixte, alirusha kofia. Leonia alikuwa ameshamwekea matanga. Aliibeba kofia ile hadi kambini, akawa anazunguka anawauliza watu, "Mwenye hii yuko wapi?" hadi akampata kichwa wazi, amechomwa na jua, anacheka. Calixte yuko nasi leo. Ndiye yule mrefu pale, na kofia ni ile ile. Hataki nyingine.

Hayo ndiyo mafanikio yetu, mgeni rasmi. Vikundi vingine huandika kuku na cherehani. Sisi tunaandika watu. Wapo wengine waliopatana hapa ukingoni kwa leso, kwa sahani ya bati, kwa kiatu kimoja. Kila mmoja alipopatikana tulipiga vigelegele hadi mashine ya kusaga ikazimwa wenye nayo waje kuuliza kuna nini.

LORI LILILOINGIA SOKONI

Masika ya mwaka jana lori moja la ndizi, ambalo si la Shirika lako wala hatujui lilikuwa la nani, lilikosa breki likateremka hadi mezani kwetu. Tunasema mezani, maana meza ndizo zilizolipokea. Tuliruka. Mwanvua alikuwa anapima mawese na hakutaka kumwaga ya watu, akachelewa kuruka. Mguu wake ukavunjika mahali pawili.

Mgeni rasmi, Mwanvua anatembea kwa fimbo sasa, na unamwona anavyocheka kila akitajwa. Ametuambia tukuambie hivi, kwa maneno yake: "Mguu wangu umeshatoa sadaka yake. Sasa sadaka ya pili itoke kwenye zege."

Baada ya ajali ile tuliambiwa tuhamie ndani. Tulikwenda, tukakaa kwa mashine ya kusaga karibu wiki nzima. Biashara ililala. Hilo tungelivumilia, kwani biashara huamka. Lakini malori ya wakimbizi yaliendelea kupita na sisi tukawa tunasikia mlio tu. Anésie alikuwa anakimbia kutoka ndani kila akisikia injini, anafika barabarani lori limebaki vumbi. Siku ya mwisho alikaa chini katikati ya njia, akasema, "Kama limepita na mwanangu, nani atajua?"

Tulibeba mabeseni yetu tukarudi ukingoni jioni hiyo hiyo.

VITU TULIVYOSIMAMISHA

Kwa kuwa tulikataa kuhama, ilitupasa tujilinde. Tukaanza kutafuta cha kusimamisha kati yetu na magari. Bibi Diana alituambia kwamba mji mkubwa wenye akili huweka nguzo fupi kando ya barabara, za kuzuia gari na kuruhusu mtu, na kwamba kazi yote iko katika kuchagua nguzo ni ya kitu gani. Angetuambia mapema zaidi tungeokoa jasho. Lakini tulikuwa hatujamjua, na kila kitu tulikijaribu wenyewe.

Tulianza na mawe. Tuliyavingirisha kutoka kwenye korongo, tukayapaka chokaa, yakapendeza. Hayakumaliza mwezi. Kila gari lililoharibika dereva alikuja kuchukua jiwe moja akaweke chini ya tairi, na gari likishapona jiwe linabaki huko huko, Kasulu au Kalinzi. Mawe yetu meupe yamezagaa mkoa mzima. Ukiyaona njiani, tafadhali yasalimie.

Tukaja kwenye mapipa. Tulipewa mapipa matupu, tukayajaza mchanga, tukayapanga. Mapipa ni mazuri: gari likiyagusa linayumba, na mchanga unameza nguvu. Tatizo ni kwamba hapa kwetu pipa ni chombo cha kuchemshia mawese, na mchikichi ulipoiva mchanga ulianza kupatikana umemwagwa chini bila pipa lake. Hatutaji mtu. Tunasema tu kwamba msimu ule baadhi ya wanakikundi walikuwa na mawese mengi sana, na kwenye mkutano walitazama chini.

Nguzo za mkaratusi ziliingiwa na mchwa kabla ya masika. Ukizitazama kwa nje zilikuwa nguzo kamili, hadi mbuzi alipojikuna kwenye mojawapo ikaanguka naye. Mabomba ya chuma yalikuja baadaye, ya msaada, membamba. Yaligongwa mara moja tu na Land Rover iliyokuwa inarudi nyuma pole pole, yakalala, na yaliyolala hayakuchukua siku yakaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yaliyobaki yalikuwa yanaungua juani kiasi kwamba watoto hawakuweza kuyashika.

Fundi wetu Dismasi alitumwagia nguzo za zege. Zilikuwa imara kwa macho. Lakini tulimwambia abane saruji, na mchanga tulichota ziwani, ule laini, kwa sababu haukuwa na gharama. Nondo hatukuweka kabisa. Baiskeli yenye mikungu ya ndizi iliegemea nguzo ya kwanza, nguzo ikakatika. Dismasi alikuja akatazama, akasema, "Akina mama, zege bila nondo ni ugali wa jana." Tulimjibu kwamba na yeye angelisema hilo kabla. Akasema alilisema. Ni kweli, alilisema.

KOSA LA MIVUMU

Mgeni rasmi, hili tumeliweka peke yake.

Kabla ya zege tulikaa tukakumbuka kwamba nyumbani, kwa Waha na kwa Warundi, mtu akitaka uzio hahangaiki. Anakata tawi nene la mti tunaouita umuvumu, analichomeka ardhini. Tukasema, mbona tunatafuta mbali? Tukakata vipande vizito, vibichi, tukavishindilia mstari mmoja mbele ya mabeseni. Vilisimama vizuri. Gari moja lilivigonga na likapata hasara lenyewe. Tulijisifu sana.

Mvua ya kwanza iliponyesha, nguzo zikachipua.

Mwanzoni tulifurahi. Wenzetu wa ng'ambo walifurahi kuliko sisi, na baadhi walilia, kwa sababu kwao na kwetu umuvumu ukishika mizizi langoni maana yake ardhi imekupokea, na hapo ni kwako. Mti wa namna hiyo hauguswi na panga. Basi hakuna aliyeugusa. Tukauacha uote, majani yakafunga, tukapata kivuli ambacho ukingoni hatujawahi kukiona. Mtu mgeni angepita angesema hawa wana bustani.

Siku moja mchana yakapita malori. Tukasimama nyuma ya majani yetu, tukaita. Anésie akaita, "I Gasenyi!" Na kutoka ndani ya lori sauti ikajibu, "Gasenyi!"

Ilikuwa sauti nyembamba ya mtoto wa kike. Sote tuliisikia. Mwanvua aliisikia, Leonia aliisikia, katibu anayekusomea haya aliisikia. Tukakimbilia majani, tukayafunua kwa mikono, tukavunja matawi madogo. Tulipotokeza upande wa pili malori yalikuwa yameshaingia kwenye kona, na hatukujua lilikuwa lipi, wala nani. Barabarani kulikuwa na kikombe cha plastiki, cha bluu, kinazunguka bado.

Anésie alikiokota. Hakulia. Alirudi, akamwomba muuza miwa panga lake, akaja akasimama mbele ya mstari wa mivumu. Wazee wa kike wakamwambia, "Mwanetu, huo umeshashika mizizi. Huo haukatwi." Akajibu, "Najua mama. Mimi nitaukata. Mti utanisamehe. Umwana wanje, mwanangu, yuko nyuma ya majani."

Akakata. Alipochoka alipokewa na Leonia, Leonia akapokewa na wengine, hadi tukaona barabara tena. Mgeni rasmi, tumezika watu na hatujawahi kuwa na jioni kama ile. Tangu hapo tunamwambia kila fundi na kila mhandisi: tafadhali tupatie nguzo isiyooza, isiyoibwa, isiyochemshiwa mawese. Na zaidi ya yote, nguzo isiyochipua.

Tulikwenda kambini na kikombe. Kambi ni kubwa na vikombe vya bluu viligawiwa kwa watu wengi. Mlinzi wa langoni alituonea huruma lakini kanuni zilikuwa zimekazwa tangu safari ya Leonia, hakuturuhusu kupita mbali. Arakaza hatujampata. Lakini mtu wa Gasenyi, mtoto, wa kike, yuko hai upande huu wa ziwa. Hilo tunalo, na tunaliamkia kila siku.

CHANGAMOTO: UKUTA

Tunafahamu kwamba kwenye gari lako kuna michoro miwili, na kwamba leo utatutangazia mmoja. Mchoro wa kwanza ni wa nguzo. Wa pili ni wa ukuta wa matofali, mrefu kumzidi mtu, kuanzia kona hadi daraja.

Tumeelezwa faida za ukuta, na hatuzikatai. Ukuta ni rahisi kujenga. Ukuta unazuia lori, na unazuia vumbi pia. Tukiwa nyuma ya ukuta hakuna atakayevunjika mguu.

Lakini mgeni rasmi, sisi tumeshakaa nyuma ya ukuta. Ulikuwa wa majani.

TULICHOCHAGUA

Bibi Diana alikaa na sisi siku nzima kwenye mkeka wa Anésie, tukachambua kila kitu. Yeye alituletea ya kwake na sisi tukampa ya kwetu. Alitamani chuma kinachong'aa, kile kisichoshika kutu. Tukamwambia ni kizuri, kitafaa hotelini. Hapa kitalala Mwandiga siku moja, ya pili kitakuwa sufuria. Alitaja plastiki ngumu, tukamwonyesha jua letu. Mbao ngumu tukamwonyesha mchwa wetu. Akacheka akafuta kwenye karatasi yake.

Tulikubaliana zege lenye nondo ndani, mchanga wa mtoni wenye chenga, kokoto safi, na msingi wa kwenda chini karibu sawa na kile kinachoonekana juu. Alitufundisha kwamba zege likishamwagwa linataka kunyweshwa maji siku nyingi, tena kivulini, ndipo linakomaa. Kazi ya kunywesha tumeshagawana zamu. Dismasi atamwaga, na safari hii akisema jambo tutamsikiliza.

Upana wa nafasi kati ya nguzo tulipima kwa vitu halisi. Tulipitisha baiskeli yenye mikungu ya ndizi pande zote mbili. Tukampitisha mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni, bila kugeuka ubavu. Kisha paroko akatuazima gari dogo na dereva wake akajaribu kupenya kwa bidii sana hadi akakwaruza mlango, tukajua kipimo kimekubali. Paroko yupo hapa. Tunamwomba tena radhi.

Kitu kimoja tulibishana. Bibi Diana alitaka kichwa cha nguzo kiwe cha mviringo ili maji yasikae. Sisi tulitaka bapa. Mwanamke anayetoka mbali na beseni la samaki hawezi kulitua peke yake. Lazima aombe mtu amsaidie, na asubuhi mapema mtu hayupo. Nguzo ya kufika kiunoni, yenye kichwa bapa, ni mtu wa kukutua. Mwishowe akachora kichwa bapa chenye mteremko mdogo ambao maji yatauona na beseni halitauona. Tunampongeza.

Rangi tumeomba nyeupe, na juu vipande vya kung'aa ili dereva wa jioni asiseme hakuona. Kiangazi vumbi litazigeuza zote nyekundu. Tutaziosha kila Jumamosi, kama tunavyoosha watoto, zikitaka zisitake.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba utangaze mchoro wa nguzo. Tukiwa nyuma ya nguzo tutaona, tutaonekana, na hatutakanyagwa. Hatujui kitu kingine kinachoweza kufanya yote matatu.

Tunaomba madereva wa Shirika waelekezwe wapunguze mwendo wakifika kwenye nguzo ya kwanza hadi wapite ya mwisho. Hatuombi wasimame. Tumeambiwa kanuni haziruhusu, nasi hatutaki mtu apoteze kazi kwa ajili yetu. Mwendo wa mtu anayetembea unatosha kusikia kilima na kujibu.

Tunaomba mvumu mmoja ubaki. Katika mstari wote Anésie aliuacha mmoja, wa mwishoni kabisa, ambao hauzibi kitu. Bibi Diana anahofia mizizi yake itainua msingi. Tumekubali nguzo ya mwisho isogezwe kidogo. Wenzetu wanahitaji mahali pa kusema ardhi hii imewapokea, na sisi wenyeji tunahitaji pa kuwaambia kwamba ni kweli.

Ombi la mwisho halimo kwenye michoro, na baadhi yetu waliogopa, wakataka lisisomwe. Mwenyekiti wa Kijiji amesema lisomwe.

Tunajua kwamba lori la Shirika halibebi mtu asiye na kadi ya ukimbizi. Tunajua pia kwamba leo jioni lori moja linakwenda kambini na mablanketi, na kwamba mbele, kando ya dereva, kuna nafasi ya mtu. Tunaomba nafasi hiyo. Mtu mwenyewe si mnene. Tunaomba apewe na ruhusa yako ya kupita langoni, apite kati ya mahema tangu la kwanza hadi la mwisho, akiita neno moja tu. Hatasumbua mtu. Sauti yake unaijua tayari. Ndiyo iliyoimba kwa nguvu kuliko zote ulipokuwa unashuka garini.

Maharage yake tutamwuzia. Mtoto wake mdogo atalala kwa Mwanvua, na wamekwisha kupatana. Malori mengine yakipita wakati hayupo, tutaita Gasenyi sisi sote, kwa zamu, ili asije akakosa huku anachokitafuta kule.

SHUKRANI NA DUA

Tunakushukuru kwa kufika, na kwa kutusikiliza kwenye jua ambalo si lako. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na akulinde barabarani. Awafikishe salama walio kwenye maji ya ziwa saa hii. Na wewe mwenyewe, popote utakapopita ukiwa mgeni, usikose mtu wa kuita kilima chako.

Mgeni rasmi, geuka kidogo kulia. Yule aliyesimama pale mwishoni, kando ya mti, amejifunga kitenge cha safari tangu alfajiri. Kikombe cha bluu anacho mkononi. Anasubiri neno lako.

Ni sisi,
Akina Mama wa Ukingoni,
Mwandiga.